Mashine Iliyoonja Njugu za Jericho

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Dakika nazijua kwa sababu Mwenyekiti Mativo aliitazama saa yake kwanza, akakohoa, kisha akatangaza kama hakimu: "Saa nne kasoro kumi, kibanda namba saba kimepatikana na sumu."

Namba saba ni mimi. Javan Andati, mkaanga njugu wa soko la Jericho, Baba Mitchelle, mume wa marehemu Triza.

Tulikuwa wauza njugu kumi na wawili, tumebanana kwenye mabenchi katika chumba cha mkutano ambacho kamati ya soko hukifungua mwaka wa kura tu, wakati wanapotukumbuka. Mbele yetu palikuwa na meza, juu yake mashine isiyozidi ukubwa wa sanduku la mkate, na kompyuta. Kwenye skrini mistari kumi na moja ilikuwa imelala chini kwa adabu, kama watoto wanaoombewa kanisani. Wa kumi na mbili, wangu, ulikuwa umepanda, ukapanda, ukatoka juu ya skrini ukapotea.

"Sasa huo umeenda wapi?" Ndirangu wa namba nne aliuliza. "Mtaa wa Huruma?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilitabasamu, na hapo ndipo nilipowachanganya. Mtu anaambiwa njugu zake ni sumu, Bwana Afya anaweza kuja kutia kufuli kibanda, naye anaonyesha meno kama bwana harusi. Mama Khalayi wa namba nane, jirani yangu, alinivuta shati.

"Shemeji, uko sawa? Ama imekupanda kichwani?"

Nilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa nimengoja mstari ule kwa miaka miwili na miezi minane.

Nirudi nyuma kidogo.

Kibanda namba saba kilikuwa cha Triza. Mimi nilikuwa kiwandani Industrial Area, nashona magodoro, mpaka mwenye kiwanda alipotuambia twende nyumbani tukapumzike, na kupumzika kwenyewe hakujaisha hadi leo. Triza alikaanga njugu hapo miaka kumi na tisa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, aliketi na uteo mapajani akachambua. Nzuri zilienda kwenye sufuria. Zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye weusi na zile zenye vumbi la kijani aliziweka kando. Hizo alizila yeye.

"Hizo si utupe?" nilikuwa nikimwambia.

"Nitupe chakula? Wateja wanakula nzuri, mimi nakula zinazobaki. Zinaniuma nini?"

Alizisuuza kwa maji, akazipitisha motoni kidogo, akatafuna huku akiuza. Alikufa Julai ya mwaka wa ishirini na mbili. Nilipouliza hospitalini kimemuua nini, walinipa karatasi imeandikwa kwamba ni ini. Basi. Ini! Kama mtu anayemtuma mtoto buchani. Nikauliza ini lilifanywa nini, daktari akaniambia mzee, kuna foleni nyuma yako.

Mimi niliishia darasa la sita, lakini hesabu hiyo haikunishinda. Magunia yetu yote hulala katika stoo ya soko, na stoo ina tundu kwenye paa. Tundu lenyewe liko juu ya gunia la namba saba, si la namba moja, maana namba moja ni ya Mativo. Gunia likinyeshewa, njugu zinaota ukungu. Triza aliiandikia kamati barua tatu kuhusu tundu lile, kwa mwandiko wake mzuri. Mativo alizitia kwenye faili. Faili ya Mativo ni kama kaburi, ila kaburi angalau hupigwa fagio.

Wiki aliyolazwa, Triza aliacha mkebe wa bati juu ya kabati, umejaa zile zake za kula. Niliporudi kutoka mazishini niliukuta pale. Nikaufunika, nikauzungushia selotepu mara tano. Mitchelle, binti yetu, alipokuja Krismasi aliniambia, "Baba, hizo zitaleta panya." Nikamwambia panya watafute mkebe wao.

Basi, mwishoni mwa Februari mwaka huu akaja msichana wa chuo kikuu, jina lake Eve, mwembamba, viatu vya raba, mgongoni begi kubwa kuliko yeye. Alikuwa na barua ya kuruhusiwa kupima njugu za soko letu. Alisema kuna sumu inayotokana na ukungu, inaitwa aflatoksini, haionekani kwa macho, haina ladha, ukiila muda mrefu inaharibu ini.

Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliuweka chini.

"Rudia hapo mwisho," nikamwambia.

"Inaharibu ini, mzee."

Siku hiyo alituonyesha mashine. Alitoa kipande cha kioo, kidogo kama ukucha, kikimetameta.

"Hiki ni kioo, na juu yake kuna dhahabu."

"Dhahabu ya ukweli?" Mama Khalayi akasogea.

"Ya ukweli, mama. Lakini unywele wako mmoja ni mnene kuliko hii dhahabu mara elfu."

"Aa, basi hata hereni haitoki." Akarudi alipokuwa.

"Juu ya dhahabu," Eve akaendelea, "nimepanda vitu vidogo sana, tuseme ni viti. Kila kiti kinamkubali mgeni mmoja tu, aflatoksini. Kisha huku chini napiga mwanga. Mgeni akikaa kwenye kiti, mwanga unarudi umepinda kidogo tofauti. Kompyuta inaona hiyo tofauti, inachora mstari. Wageni wakiwa wengi, mstari unapanda."

"Na huyo mgeni si umesema haonekani?" Ndirangu akauliza. "Utampaka rangi?"

"Njia zingine ndivyo zinafanya. Unampaka rangi inayong'aa au unampachika alama ndipo umwone. Hii haitaki rangi wala alama. Akikaa tu, mwanga umejua."

Wenzangu walitikisa vichwa kama watu walioelewa, na hiyo ndiyo dalili ya kutoelewa. Mimi nilielewa. Kibandani kwangu nina benchi la wateja, mguu mmoja mfupi. Mimi hukaanga nimeligeuzia mgongo, lakini ncha yake moja inagusa kigoda changu. Mtu akikaa, nasikia. Najua kama ni Ndirangu, maana dunia yote inahama, au kama ni mwanafunzi wa chekechea. Sina haja ya kugeuka, wala ya kumpaka Ndirangu rangi. Nilipomwambia Eve hivyo alicheka mpaka akashika meza.

"Mzee, hiyo nakuibia niende nayo darasani."

"Iba tu. Hapa kila mtu ameniibia, na wewe angalau umeomba."

"Lakini kuna shida moja," akasema. "Benchi lako, hata mtu asiyenunua akiegemea, si litainama? Na mashine yangu iko hivyo. Kitu kingine kikipita juu ya dhahabu, mwanga utasumbuka kidogo. Kwa hivyo nawaomba mniletee njugu mbichi, zisizotiwa chumvi, zisizotiwa chochote. Nusu kilo kila mmoja, kwa mfuko wenye namba ya kibanda. Na mnipe zile mnazouza kila siku."

Hapo ndipo alipokosea, msichana wa watu. Huwezi kumwambia mtu wa Jericho kwamba mgeni anakuja, tena mgeni wa kuangalia, halafu utegemee apewe cha kila siku. Hizi nyumba zetu za baraza la jiji tulijengewa zikiwa ndogo, lakini mgeni akipiga hodi, mtoto anatokea mlango wa nyuma anaenda kwa jirani kuazima vikombe visivyo na ufa, jirani mwingine anatoa vitambaa vya makochi, na mgeni anaondoka akidhani umeendelea. Jumamosi vikombe vinarudi. Hakuna anayeita hiyo uongo. Inaitwa kujiheshimu.

Mimi nilikuwa na yangu. Nilimwendea Mativo kibandani kwake na mkebe chini ya kwapa.

"Mwenyekiti, naomba upimwe mfuko wa kumi na tatu."

"Wa kibanda gani?"

"Wa Triza."

Aliutazama mkebe, akanitazama mimi. Mativo ana uso mpana, unaochukua muda kubadilika, kama ubao wa matangazo.

"Andati, fomu ina vibanda kumi na viwili. Marehemu hana kibanda."

Hivyo ndivyo alivyosema. Nilirudi nyumbani, nikakata selotepu kwa kisu. Ndani zilikuwa njugu ndogo, nyeusi, zimekunjamana. Nilimimina nusu kwenye mfuko wa Eve, nikaandika namba saba, nikaupeleka. Nilijiambia, wacha mashine iseme. Ikisema sumu, nitaibeba ile karatasi, nitaiweka juu ya zile barua tatu, na Mativo atanieleza mbele ya soko zima nani alimuua mke wangu.

Ndiyo maana Jumanne ile nilitabasamu. Nilisimama nianze hotuba yangu. Nilikuwa nimeipanga tangu Jumapili, na ilikuwa na neno "uwajibikaji" ndani, nililolisikia redioni.

"Kaa kwanza, mzee," Eve akasema. Alikuwa amekunja uso, lakini si kwa sababu yangu. Alikuwa ameinamia ile mistari kumi na moja iliyolala. "Ya namba saba tutaongea. Mimi hizi zingine ndizo zinanishangaza."

"Zinakushangaza nini na ziko safi?" Mativo akauliza.

Eve aliukuza mstari mmoja ukajaa skrini. Mwanzoni kabisa ulifanya nundu ndogo, kama blanketi mtu akikunja goti, halafu ukalala tena. Akaonyesha wa pili. Nundu. Wa tatu. Nundu, palepale, urefu uleule.

"Hii si aflatoksini. Aflatoksini ikikaa kwenye kiti haiamki haraka hivi. Hii inapita na kutoka, na hata upande ule sikuweka viti imepita vilevile. Maji yenye chumvi ndiyo hufanya hivi. Lakini niliwaomba mlete bila chumvi. Na itawezekanaje vibanda kumi na moja viwe na nundu moja?"

Ghafla kila mtu akakumbuka kuangalia viatu vyake.

"Labda ni mashine," Shiku wa namba tisa akasema. "Hizi vitu zikipigwa na stima mbaya ya hapa…"

"Mashine iko sawa. Ni kitu mmetia."

"Mimi sijatia kitu!" Ndirangu akaapa kwa mama yake.

Mfuko wa Ndirangu ulikuwa juu ya meza. Niliuchukua nikaufungua. Njugu zilikuwa na ngozi ya kijivujivu, nzuri, nene. Nikanusa. Harufu ile niliijua kabla sijajua jina langu.

"Hii ni musherekha," nikasema.

"Ni nini?" Eve akauliza.

"Chumvi ya majivu. Kule kwetu magharibi unachoma maganda ya maharagwe, majivu unayachuja kwa maji, yale maji unapikia mboga. Kuna wazee wanaloweka njugu ndani, kisha wanaanika." Nikamgeukia Ndirangu. "Mwana wa Murang'a, hebu niambie. Tangu lini nyinyi mkachuja majivu?"

Chumba kililipuka. Ndirangu alijinyoosha shati.

"Nilioa," akasema.

"Ulioa Wacera wa Kangema, hukohuko Murang'a! Tulikuwa harusini!"

Sasa macho yote yalikuwa yamemfikia Mama Khalayi, maana katika sisi kumi na wawili ni yeye tu mwenye mama mzazi Bungoma anayetuma njugu za namna hiyo. Naye alikuwa amejifunika uso na leso, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Woi, shemeji, mulamwa wangu, mimi nifanye nini?" akaniambia. "Kila mtu alikuja peke yake! Ndirangu alikuja akaniambia, Mama Khalayi, nipe nusu kilo ya zile zako za nyumbani, nipeleke kwa mashine, lakini Shiku asijue. Kabla jiko halijapoa Shiku akaja: nipe, lakini Ndirangu asijue. Mutie wa namba mbili akaja. Yule wa namba kumi akamtuma mtoto. Mwenyekiti alikuja amevaa kofia hapa mpaka machoni, akidhani simjui."

"Mwenyekiti?" watu wakaitika kwa sauti moja, kama kibwagizo.

Mativo alikohoa. Kikohozi chake kina kazi nyingi.

"Nilikuwa nalinda jina la soko," akasema.

Eve alikaa kwenye kiti taratibu. "Kwa hivyo kwa siku kumi nimepima gunia moja. Mara kumi na moja."

"Na limepita?" Mama Khalayi akauliza.

"Limepita, mama. Mara kumi na moja."

"Nitampigia mama simu leo."

Hapo hata Eve alishindwa, akacheka na machozi. Lakini Mativo si mtu wa kuacha kicheko kiishe chenyewe. Alisimama akanyoosha kidole.

"Sawa, watu walikosea kwa ukarimu. Huo ni uungwana. Lakini mmoja wetu hakuazima. Mmoja alileta zake mwenyewe, na mmeona zilipofika. Huyo ndiye anayelisha watoto wa Jericho sumu. Bwana Afya nimeshamwita."

"Si zangu," nikasema.

"Pia wewe uliazima?" Ndirangu akadakia, na uso wake ukapata nuru ya mtu aliyepata mwenzake. "Kwa nani, mzee? Kwa adui?"

"Kwa Triza."

Hakuna aliyecheka tena. Nikawaeleza yote, mkebe, selotepu, zile alizokuwa akizila ili wateja wale nzuri, barua tatu, tundu la paa. Hotuba yangu ya uwajibikaji ilinipotea, yakatoka maneno ya kawaida tu. Mama Khalayi alikuwa ameondoa leso usoni. Walikaa jirani miaka kumi na tisa, yeye na Triza, wakiazimana makaa.

"Zilitoka stoo yako," nikamwambia Mativo. "Umesikia mashine. Sasa tuambie."

Mativo alimgeukia Eve, si mimi. "Daktari, hiyo ni halali? Njugu za mtu aliyekufa?"

"Mimi si daktari," Eve akasema. Akanitazama. "Mzee, zina muda gani kwenye mkebe?"

"Miaka miwili na miezi minane."

Aliandika hesabu hiyo kwenye daftari lake. Kisha akawaambia watu kwamba atarudi Alhamisi, na safari hii hataki mifuko ya mtu. Atachota mwenyewe kutoka kwenye magunia, stooni, kila mtu amesimama mbali na mikono nyuma.

Alhamisi akaja na bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchoma gunia, akachoma kila gunia juu, katikati na chini. Watu walisimama nje wakitazama kama wanaopelekewa mtoto kudungwa sindano. Ndirangu aliomba gunia lake lichomwe polepole. Kisha Eve akasaga, akachanganya na spiriti na maji, akachuja kwa karatasi, na Ijumaa tukarudi kwenye mabenchi.

Mistari kumi ililala. Miwili ilipanda. Haikutoka nje ya skrini kama ule wa mkebe, lakini ilipita ule mstari mwekundu ambao Eve alisema ni mpaka wa kuuza. Mmoja ulikuwa wa Shiku, akaanza kulia, tukamwambia gunia ni gunia. Wa pili ulikuwa wa Mama Khalayi. Si njugu za mama yake. Ni zile za gunia la kuuza.

"Ala!" Ndirangu akasema. "Za kula nyumbani ni safi, za kutuuzia ndizo hizo?"

"Si ndio maana sizili," Mama Khalayi akajibu, tena bila haya. Kisha akaniangalia, na kicheko kikamwisha usoni. Wote wawili tulikuwa tunafikiria mtu mmoja, aliyefanya kinyume.

Na namba saba? Mstari wake ulilala chini kabisa. Hakuna mstari uliokuwa chini kuliko wangu. Watu walinipiga mgongoni, Mutie akanipa mkono mara mbili. Mimi peke yangu ndiye niliyekunja uso.

"Rudia," nikamwambia Eve.

"Mzee, ni habari njema."

"Rudia hivyo hivyo."

Akarudia. Tone lilipita, mwanga ukapiga, mstari ukalala kama mtu aliyeshiba.

Mativo alikuwa amesubiri dakika hiyo. "Umeona, Andati? Gunia lako liko chini ya tundu lenyewe, na ni safi. Stoo yangu haina neno."

"Kumbe unakubali kuna tundu!"

Chumba kilipasuka kwa kicheko, Ndirangu akapiga benchi mpaka likalia. Miaka minane kamati ilikuwa imekataa kwamba lile tundu lipo, na sasa lilikuwa limetoka kinywani mwa mwenyekiti mbele ya mashahidi. Lakini Mativo naye hakuzama.

"Tundu liko," akasema, akikaa. "Sumu haiko."

Januari hakukunyesha sana, ningeweza kumwambia. Miaka ile ya Triza kulinyesha, ningeweza kumwambia. Badala yake nilingoja watu watoke, nikamfuata Eve aliyekuwa akifunga mashine kwa blanketi ya mtoto mchanga. Alisema blanketi hiyo ndiyo bora kuliko zote kwa vitu vinavyoogopa kutikiswa.

"Niambie mimi," nikasema. "Yale ya mkebe."

Akaacha kufunga. "Kwenye zile njugu kuna aflatoksini, tena nyingi sana. Hiyo siwezi kukuficha. Lakini baba, hata kama alikula hizohizo, ini huharibiwa na mambo mengi. Siwezi kusema hii ndiyo iliyomuua."

"Hilo nimelisikia. Lakini alikuwa anakula sumu?"

"Mashine inaona aliyeketi. Haioni ameketi tangu lini." Akasita. "Ulipofunika mkebe, zilikuwa kavu?"

Nikakaa kwenye benchi nikaanza kukumbuka.

Triza alikuwa akizisuuza kwa maji. Kila mara. Julai ni baridi, nguo zenyewe hazikauki, sembuse njugu. Alipelekwa hospitalini asubuhi, uteo ulikuwa umeegemezwa ukutani, unadondoka maji. Hilo nalikumbuka vizuri, nilikanyaga kile kidimbwi na soksi. Lakini zile za mkebe alikuwa amezisuuza siku hiyo, au wiki iliyopita, au bado? Sikuzigusa. Nilifunika tu. Nilizungusha selotepu mara tano ili hewa isiingie, ili harufu ya mkono wake isitoke.

"Kama zilikuwa na unyevu," Eve akasema polepole, akitazama blanketi na si mimi, "ukungu ungeweza kumea humo ndani. Miaka miwili ni mingi."

"Na kama hazikuwa na unyevu?"

"Basi ilikuwemo tangu mwanzo. Au nusu kwa nusu. Siwezi kujua, baba. Samahani."

Aliniita baba, si mzee. Nikambebea begi mpaka barabarani.

Tangu siku hiyo nimeuliza kila mwenye cheo. Bwana Afya, aliyekuja akapata njugu zangu ni safi na akala kifuko kizima bila kutoa shukrani, aliniambia hilo ni swali la hospitali. Hospitali walinitafutia faili, wakanirudishia lile neno moja la buchani. Mitchelle aliniuliza kwenye simu kama nimekula. Nikaiandikia kamati barua ya nne kwa mwandiko wangu huu mbaya, na kwa mara ya kwanza kamati ikajibu, tena kwa muhuri: "Swali lako limepokelewa." Paa limezibwa, hilo nalo niseme. Mativo alipanda mwenyewe na bati, na Ndirangu akamshikia ngazi akimwomba Mungu kwa sauti asianguke kabla ya kumaliza.

Asubuhi nachambua kama Triza alivyochambua. Mbaya nazitupa. Mama Khalayi huniona nikizitupa, naye siku hizi anatupa zake. Tunakaanga, tunatukanana kidogo, wateja wanakuja, benchi linainama. Na nikiwa nimewapa mgongo hivyo namuuliza aliyepo, yeyote, na bado hakuna aliyenijibu: ile sumu ilikuwa kwenye njugu Triza akizila, au niliiotesha mimi, baadaye, kwa selotepu yangu?